Jibu kwa msomaji wa Kisongo: gugu karoti linaingiaje shambani na kwa nini halitoki

Swali limetoka kwa msomaji wa Kisongo, Arusha, nalifupisha. Ana heka nne, mbili analima mahindi na maharage, mbili ni malisho ya ng'ombe wanne wa maziwa. Gugu karoti, lile lenye majani kama ya karoti, limeingia kama misimu miwili iliyopita, amelima na trekta, amepiga dawa ya magugu ya glaifoseti, amewalipa vijana wakang'oa, na kila msimu linarudi zaidi ya mwanzo. Maziwa yameanza kuwa machungu. Mke wake anawashwa mikono mpaka shingoni. Jirani anamwambia mbegu zinaletwa na upepo kutoka barabarani kwa hiyo asijisumbue, hakuna dawa. Anauliza je ni kweli, na kama sio kweli afanyeje alimalize.

Kaka, pole sana, na kabla ya shamba naomba tumalizane na shemeji kwanza. Asiliguse tena hilo gugu, hata akivaa glavu. Hiyo ni aleji, inatokana na kemikali iliyoko kwenye majani na vinyweleo vyake, na tabia yake ni kwamba kadiri mtu anavyozidi kukutana nalo ndo mwili unavyozidi kulikataa, leo ni mikono, kesho ni uso na macho, na wengine wanafika kwenye kifua kubana kama pumu. Hata likishakauka bado lina shida, vumbi lake linatosha. Aende kwa daktari aione hiyo ngozi, na akisikia kifua kinabana asisubiri kesho. Nguo za kazini zifuliwe peke yake sio pamoja na za watoto. Wale vijana nao wavae glavu za mpira, mikono mirefu, suruali na gambuti, na yule ambaye ameanza kuwashwa mtoe kwenye hiyo kazi umpe nyingine, usimwambie avumilie atazoea, kwenye hili gugu hakuna kuzoea.

Sasa jirani. Upepo upo lakini ni kidogo sana kuliko anavyosema, na hili nataka ulione mwenyewe kwa macho. Tafuta gugu lililokomaa, lile ambalo maua yameanza kugeuka kahawia, vaa glavu, kata kitawi kimoja, kipukutishie juu ya karatasi nyeupe. Kale kaua keupe kadogo kama kichwa cha kiberiti ukikaangalia kwa karibu kana pembe tano, na kila pembe inabeba mbegu moja, kwa hiyo ua moja linatoa mbegu tano basi. Mbegu yenyewe ni nyeusi, bapa, milimita mbili hivi, na ubavuni imeng'ang'aniwa na vipande viwili vyepesi vya rangi ya majani makavu. Hivyo vipande ndo vinaisaidia kuelea kwenye maji na kusukumwa kidogo na upepo. Lakini angalia ilichokosa: haina manyoya kama mbegu ya mchunga ile inayopaa, wala haina ndoano kama kishona nguo. Kwa hiyo siku ya kawaida upepo unaiangusha karibu tu na shina lake. Vile vimbunga vya vumbi vinavyozunguka huko kwenu kiangazi vinaweza kuisogeza mbali zaidi, sikatai, ila havielezi kwa nini limejaa kwako namna hiyo.

Na ukitaka ushahidi mkubwa angalia historia yake. Kwao ni Mexico na maeneo ya jirani huko Amerika ya kitropiki. India lilisambaa kuanzia miaka ya 1950, na wanaotajwa ni shehena za ngano kutoka nje. Ethiopia hivyo hivyo, linahusishwa na ngano ya msaada wa njaa. Australia, kwenye jimbo la Queensland, uvamizi mkubwa ulianzia kwenye mbegu za majani ya malisho zilizonunuliwa Texas, yaani mfugaji alilipa hela yake akapanda gugu na malisho kwa pamoja. Halafu jimbo la jirani, New South Wales, walipotaka kujikinga hawakuhangaika na upepo, walikamata kombaini: mashine ya kuvunia ikitoka Queensland lazima iwe imesafishwa na ikaguliwe ndo ivuke. Hapa kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na ukipita barabarani mpaka leo utaona linavyopenda kufuata lami, mitaro, vituo vya malori na viwanja vya ujenzi. Hizo zote ni njia za watu, mizigo na maji.

Kwa hiyo jioni moja zunguka shamba lako na daftari, chora ramani ya ovyo ovyo tu, weka alama wapi limejaa sana na wapi liko kidogo. Nakuhakikishia halitakuwa limetapakaa sawasawa kama lingeletwa na upepo. Utakuta limeanzia getini, au pale trekta inapogeuzia, au pembeni ya mfereji, au kuzunguka banda la ng'ombe. Pale lilipojaa ndo mlango wake.

Kwako mimi bila kuona nashuku mlango namba moja ni majani ya kununua. Una ng'ombe wanne kwenye heka mbili na Kisongo ni kukavu, lazima kiangazi unanunua, na majani mengi yanayouzwa na yale mafuso yanafyekwa pembezoni mwa barabara na kwenye viwanja vya watu, hakuna anayechambua. Fanya hivi mzigo ukija: kabla hujalipa fungua robota moja, likung'ute juu ya turubai, halafu angalia kilichobaki chini. Ukiona zile mbegu nyeusi bapa au vitawi vyenye vichwa vya kahawia, rudisha mzigo. Najua kiangazi kikibana mtu anapokea tu, basi ukipokea lishia sehemu moja tu, ikiwezekana kwenye sakafu ya zege, fagia mabaki uchome, na mvua ikinyesha hiyo sehemu ndo ya kwanza kukagua. Kosa ambalo watu wanafanya ni kumwaga majani katikati ya malisho ng'ombe wajisevie, hapo umepanda gugu kwa mkono wako na kwato zimelikandamizia vizuri kabisa.

Kinachofuata ni samadi. Mbegu nyingine zinapita tumboni kwa mnyama zikatoka zikiwa hai, na nyingine hazijapita popote, zimedondoka tu bandani na kuchanganyika na kinyesi. Ukiitoa samadi mbichi ukaisambaza kwenye mahindi umesambaza na mbegu. Irundike, iloweshe kiasi, ifunike na turubai, iache ichemke, na uigeuze, hapo kwenye kugeuza ndo pa muhimu maana katikati ya rundo kunachemka mpaka mbegu inakufa lakini pembeni kuna baridi, mbegu za pembeni ziko salama zinakusubiri. Usipogeuza ya pembeni ikaingia katikati hujafanya kitu. Na hata hiyo mboji, anza kuitumia kwenye kipande ambacho tayari kina gugu, usiipeleke kule kusafi.

Trekta ya kukodi nayo usiisahau. Jana ilikuwa kwa mtu mwingine, leo iko kwako, na tope kwenye tairi na kwenye visahani limebeba kila kitu kutoka kule. Mwambie dereva asimame nje ya geti, akwangue tope na fimbo na brashi, itachukua dakika kumi na tano, atanuna, mpe ya soda. Halafu mpangie aanze kulima upande msafi amalizie upande mchafu, sio kinyume. Mashine ya kupukuchua mahindi au ya kupiga maharage ni habari hiyo hiyo.

Maji: kama mtaro wa barabara unamwagia kwako masika, pale yanapoingia panda ukanda mnene wa mabingobingo au majani mengine yoyote yanayoshikana chini, mita mbili tatu hivi. Maji yakifika pale yanapunguza mwendo na mbegu nyingi zinatua humo. Gugu litaota kwenye ukanda, sawa, ila sasa una sehemu moja nyembamba ya kulinda badala ya heka mbili.

Mbegu zako za maharage za kuhifadhi zichekeche kwa chekeche la matundu madogo, harage linabaki juu hiyo mbegu ya milimita mbili inapita chini, na takataka za chini choma usimwage uani. Mchanga, moram na kifusi cha ujenzi navyo vinaleta. Na kuna hili la watu kuchuma yale maua meupe kwa ajili ya mashada kwa sababu yanapendeza, kwa kweli hilo likome.

Sasa kwa nini umefanya kazi yote hiyo ya trekta, dawa na kung'oa na halijatoka. Kila moja ina sababu yake.

Trekta kwanza. Mbegu ya gugu karoti inayobaki juu juu ya udongo haina maisha marefu, ndani ya miezi itaota au itaoza au italiwa na wadudu. Ukiifukia chini, sentimita tano na kushuka, haioti lakini haifi, inalala, na inaweza kukaa hai miaka minne mpaka sita na zaidi. Wewe baada ya gugu kumwaga mbegu ukaleta trekta ukageuza udongo. Trekta ya kwanza imezika, ya pili imefukua, na kila ukifukua linaota upya kana kwamba umepanda. Hii haimaanishi usilime kabisa, ila kile kipande ambacho gugu lilikomaa na kumwaga mbegu usikigeuze kwa kina msimu unaofuata. Kwangua juu juu tu.

Na hapo kuna mbinu nzuri kama una nafasi ya muda. Mvua za kwanza zikinyesha, kwangua ardhi kidogo, usipande, acha siku kumi mpaka kumi na nne mbegu za juu ziote zote, halafu ziue zikiwa changa kwa jembe la juu juu au dawa, ndo upande mahindi bila kugeuza tena udongo. Tatizo lake wote tunalijua, masika ya Kisongo hayana huruma, ukichelewesha mahindi wiki mbili unaweza kukosa mavuno. Kwa hiyo usifanye heka zote mbili. Fanya kile kipande kibaya kuliko vyote, na ukipande kitu cha muda mfupi.

Dawa. Glaifoseti inaua gugu karoti likiwa changa, pale majani yamelala chini yametandazwa duara na shina halijasimama. Likishasimama na kutoa maua inalichoma choma tu, na mbegu zilizokwishaanza kushika zinaweza kumalizia kukomaa. Sasa watu wengi wanapiga dawa siku wanapoona maua maana ndo siku wanayoliona gugu lenyewe, kabla ya hapo linafichwa na majani mengine. Shida ya pili kwenye malisho glaifoseti inaua na nyasi, unabaki na ardhi tupu, na kwenye ardhi tupu mshindi anajulikana, gugu karoti linaota haraka kuliko nyasi yoyote uliyo nayo na mizizi yake inatoa kemikali za kuwakandamiza majirani. Na kupiga dawa hiyo hiyo moja msimu baada ya msimu kunazalisha gugu sugu, kule Colombia tayari walishakuta gugu karoti lisilokufa kwa glaifoseti.

Kung'oa ndo njia nzuri kuliko zote kwa heka nne, ila vijana walifanya kwa wakati mbaya, si ndio? Walingoja lichanue, wakang'oa, wakalirundika kwenye mpaka wa shamba. Gugu lenye maua likilala pale mbegu zilizoshika zinaendelea kukomaa, halafu mvua inazirudisha ndani. Na kama palikuwa na kufyeka ni mbaya zaidi, ukilifyeka linachipua chini ya ulipokata na safari hii linatoa maua likiwa fupi, huyaoni mpaka yamemwaga.

Nikupe hesabu ili uone kwa nini nasisitiza hii habari ya maua. Gugu moja lililoshiba linatoa mbegu 15,000 mpaka 25,000. Chukua ile ndogo, 15,000. Vijana wameng'oa heka nzima vizuri, wamesahau kumi tu, kumi kwenye heka nani atawalaumu, wamefanya kazi nzuri kabisa. Hizo kumi ni mbegu 150,000. Heka ina mita za mraba elfu nne na kidogo. Zikitapakaa ni kama mbegu 37 kwa kila mita ya mraba, yaani mwakani shamba lote limejaa tena na utasema hawakung'oa. Kwa hiyo palizi ya gugu hili haipimwi kwa ulichong'oa, inapimwa kwa kilichobaki, na yale kumi ya mwisho yana thamani kuliko elfu moja ya kwanza. Lipa vijana kurudi mara ya pili baada ya siku chache kutafuta yaliyosahaulika, hiyo hela itauma lakini ndo inayofanya kazi.

Ratiba yake inatokana na maumbile yake. Linaota wakati wowote udongo ukipata unyevu, masika, vuli, hata mvua ya bahati mbaya ya mwezi wa nane, na likibanwa na ukame linaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Kwa hiyo kila mvua ya maana ikinyesha hesabu wiki mbili, pita. Na kipindi cha mvua mfululizo usipitishe wiki tatu bila kuzunguka. Ng'oa udongo ukiwa umelowa ili litoke na mzizi, likikatikia juu litachipua. Yasiyo na maua unaweza kuyaacha yakauke pale pale, yenye maua tia kwenye kiroba papo hapo, usiyaburute shambani, yakaushe sehemu moja ya zege au juu ya turubai halafu uchome, na anayechoma asimame upande upepo unakotokea maana moshi wake sio wa kuvuta.

Kwenye mahindi utaambiwa dukani chukua atrazini, na kwa mahindi peke yake ni kweli inasaidia, unapiga kabla halijaota au likiwa changa kabisa. Ila wewe umechanganya na maharage, atrazini itakuondolea maharage yote. Ushauri wangu: gawa heka mbili, moja ibaki mchanganyiko na uipalilie kwa mkono, ile yenye gugu zaidi panda mahindi matupu msimu mmoja au miwili utumie dawa, halafu ukishalipunguza katikati ya mistari weka ngwara (fiwi). Ngwara inatambaa inafunika ardhi mpaka mahindi yakishavunwa, ng'ombe wanapata chakula cha kiangazi kwa hiyo unanunua majani machache, na tumeshasema majani ya kununua yanaleta nini. Naipenda ngwara kuliko dawa yoyote kwenye hili. Jambo moja la pembeni, usiache gugu lichanue katikati ya mahindi yanayotoa ndevu, chavua yake ikitua kwenye ndevu inaharibu uchavushaji na utapata magunzi yenye mapengo, watu wanalaumu mbegu kumbe ni jirani yake.

Malisho sasa, na hapa nitasema ukweli ambao hautaupenda. Ng'ombe wanne kwenye heka mbili za Kisongo ni wengi. Ng'ombe anachagua, anakula nyasi nzuri mpaka mzizi, gugu karoti analipita maana ni chungu, baada ya muda nyasi imeisha limebaki gugu tupu, na njaa ikizidi ndo anaanza kulila, hapo ndo maziwa yako yalipoharibikia. Ukiua gugu kwa dawa halafu ng'ombe wakaendelea kukaa hapo hapo litarudi, hakuna mjadala. Gawa malisho vipande vitatu au vinne kwa uzio wa kawaida tu wa miti, funga kimoja kipumzike masika nzima, ng'oa gugu, panda nyasi ya boma rhodes na mabingobingo, na uanze kuwalishia bandani kwa kukata. Nyasi iliyosimama na kufunga ardhi, mbegu ya gugu inakosa mwanga na inakosa nafasi.

Kama unataka dawa kwenye malisho tumia 2,4-D sio glaifoseti, hii inaua ya majani mapana inaacha nyasi. Gugu liwe changa, asubuhi kabla upepo haujaanza, bomba la mgongoni lenye nozeli nzuri, na ng'ombe wakae nje siku zile zilizoandikwa kwenye lebo, soma lebo usimsikilize muuzaji. Usiipige ukiwa karibu na maharage yako au nyanya za jirani, mvuke wake tu unazikunja. Na bomba hilo usilitumie tena kwenye maharage, hata ukiliosha.

Mmeniuliza wengi kuhusu wadudu wanaokula gugu karoti. Wapo kweli, kuna mdudu anaitwa Zygogramma, asili yake Mexico, anakula majani yake, India walimwachia tangu 1984 na kuna sehemu anafyeka vizuri wakati wa mvua. Lakini hiyo ni kazi ya taasisi, wadudu wanapimwa kwanza wasije wakala mazao, sio kitu cha kununua ukaachia shambani. Na hata wakiwepo wanapunguza tu, hawamalizi. Ukitaka kuhakikisha mmea ni wenyewe au kupata ushauri wa dawa zilizosajiliwa, uko karibu na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, wengi mnapajua kama TPRI, pelekeni sampuli ikiwa kwenye mfuko uliofungwa, na sio yenye mbegu tafadhali, msije mkalisambaza njia nzima kwenye daladala.

Jirani yako mchukue uzunguke naye na ile ramani. Ukimwonyesha kwamba limejaa kwenye banda na kwenye mtaro na sio upande upepo unakotokea, atakuelewa kuliko ukibishana. Mita tano za mpakani ng'oeni pamoja, na ule ukingo wa barabara nao mnaweza kuuleta kwenye mkutano wa kijiji, kuna vijiji wamejiwekea siku ya kung'oa kila mtu mbele ya kwake. Ukisubiri mwenye barabara alitoe utasubiri sana.

Umeuliza kulimaliza. Zile mbegu zilizozikwa na trekta zina miaka yao, kwa hiyo panga miaka minne mpaka mitano bila kuruhusu hata moja limwage. Mwaka wa kwanza utaona kama hufanyi kitu, linaota tu, usikate tamaa hapo. Ili usijidanganye tengeneza fremu ya miti mita moja kwa mita moja, chagua sehemu tano ambazo hutazibadilisha, weka vigingi, na kila mwanzo wa masika uhesabu miche iliyoota ndani ya fremu kabla ya kung'oa, uandike. Idadi ikishuka mwaka hadi mwaka unashinda. Ikibaki pale pale kuna mlango bado uko wazi, rudi kwenye majani ya kununua uanze kukagua upya.

La mwisho maziwa, maana naona hukuuliza moja kwa moja ila umelitaja. Huo uchungu unatoka kwenye gugu, na ng'ombe akiendelea kulila kwa wingi sio maziwa tu, ngozi na midomo inapata vidonda na anaweza kufa. Watoe kwenye hicho kipande leo sio wiki ijayo, walishe bandani majani uliyoyakagua, na ladha itarudi wakishaacha kulila. Hayo machungu ya sasa hivi mimi nisingewapa watoto wala nisingeyachanganya na ya kupeleka kwenye kituo cha maziwa, maana ndoo moja chungu itawafanya wakukatalie mzigo mzima.